Joto Litakapofika Sanje

Mchana kutwa betri za redio ya Bibi Konsolata zilikuwa zinaota jua juu ya kifuniko cha pipa. Ikifika jioni, kuku wakianza kugombea nafasi bandani, alizikusanya moja moja, akazibonyeza kwa kidole gumba kama anayechagua embe sokoni, akazirudisha redioni. Kisha alijifunga kitenge cha pili juu ya kile cha kwanza, akakaa kibarazani kungoja utabiri wa hali ya hewa. Habari nyingine hakuzitaka. Za nini, kumaliza nguvu ya betri bure?

Mwaka huo baridi ilikaa Ifakara kama mgeni aliyesahau njia ya kwao. Agosti ilikwisha, Septemba ikaingia, na bado alfajiri ukungu ulilala juu ya mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, mweupe na mzito, hata mtu akipita kwa mbali ulimwona kuanzia kiunoni tu, kama anaogelea maziwa. Watu wa mtaa wao, Viwanja Sitini, walikwenda dukani na mashuka mabegani. Hata mbwa walibweka kwa uvivu.

Bibi Konsolata hakuichukia baridi kwa ajili ya mifupa yake. Mifupa yake alikwisha kuizoea. Alikuwa na msufi wake wa kuupigia hesabu, na msufi huo ulikuwa Sanje, nyuma ya nyumba ya wifi yake Scolastica, na matunda yake yalikuwa bado yamefunga vinywa, yakingoja joto.

Msufi ule aliupanda Ritha, binti yake Bibi Konsolata, aliyejifungulia kwa shangazi yake huko Sanje. Kitovu cha mtoto kilipodondoka, Ritha alichomeka ardhini tawi la msufi, akasema, "Huyu akiolewa, atalalia sufi ya mti wake." Mtoto ndiye Eveline. Kabla mtoto hajajua kukaa, Ritha alifariki. Picha yake moja iliyobaki iliingiwa na maji mwaka wa mafuriko. Uso ukayeyuka wote, ukabaki mkono na upindo wa gauni.

Na sasa Eveline alikuwa anaolewa. Harusi ilipangwa mwisho wa mwezi, kwa kijana aitwaye Fidelis, mnunuzi wa mpunga wa Mlimba, na baada ya harusi angepanda treni kwenda kuishi huko huko Mlimba. Nguo zilikuwa tayari, vyombo tayari. Mto wa kulalia tu ndio haukuwepo. Kwao mto wa bibi harusi hujazwa sufi ya mwaka wa harusi, mpya, ambayo haijalaliwa na mtu.

"Bibi, ukikosekana si tunanunua wa dukani?" Eveline aliwahi kusema.

"Wa dukani?" Bibi alishika kiuno. "Ule unajazwa vipande vya magodoro ya watu usiowajua! Unalaza kichwa chako pale, unaota madeni ya mtu wa Dodoma."

Eveline alicheka mpaka akakaa chini. Lakini kicheko kilipokwisha, akasema polepole, akiangalia pembeni, "Mimi hata siku moja sijamwota Mama, Bibi. Watu wanaota wafu wao. Mimi naota mbuzi."

Bibi Konsolata alisikia. Tangu siku ile hakuacha kuanika betri.

Jioni moja redio ikakohoa, kisha sauti ya yule mtangazaji ikatulia. Bibi alimwita mwanangu, ingawa hawakuwahi kuonana.

"Sasa ni mwelekeo wa hali ya hewa. Kwa maeneo ya kusini mwa mkoa wa Morogoro, ikiwemo Ifakara, Mlimba, Malinyi na bonde lote la Mto Kilombero, hali ya baridi inatarajiwa kupungua kuanzia wiki hii. Vipindi vya jua vitaongezeka, na kiwango cha joto kinatarajiwa kupanda hadi kuwa juu kidogo ya wastani…"

Kacha! Bibi akazima.

"Ahsante, mwanangu," akaiambia redio, akaipangusa kwa upindo wa kitenge.

"Bibi! Hajamaliza."

"Amesema joto. Baada ya joto kuna neno gani tena la kulimalizia betri? Njoo hapa. Kitendawili!"

"Tega."

"Mgeni wangu hana miguu, lakini akibisha hodi, wenyeji wote wanavua nguo."

Eveline alijua jibu, maana lilikuwa limetangazwa sasa hivi. Lakini alipenda ule mchezo wenyewe. Akajikuna kichwa. "Hapo umenishinda. Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Nakupa Mlimba."

Bibi akavuta kitenge mpaka kidevuni. "Mlimba siuchukui. Nipe mwingine."

"Basi chukua Morogoro."

"Haya. Nimekwenda Morogoro, nimepokewa na watu wote, nimepanda mlima, nimekula matunda damu nikashiba, nikarudi bila kulipa nauli. Jibu ni joto."

Wakacheka wote wawili, na baridi ikaendelea kukaa pale pale kibarazani, inasikiliza.

Mtangazaji hakusema uongo. Joto lilikuja, tena lilikuja kwa adabu. Kwanza maji ya pipa yaliacha kung'ata mikono. Kisha asubuhi moja ukungu ukanyanyuka mapema, ukabaki mstari mwembamba tu juu ya mto, kama uzi ambao fundi amesahau kuukata. Nyenje mmoja akalia. Wa pili akamjibu. Jioni yake mashamba yote yakawa yanaimba. Milango iliyokuwa ikifungwa kwa baridi ikaachwa wazi, na kutoka kila nyumba ukatoka usingizi wa baridi, mzito, ukapita barabarani kama moshi, ukaenda zake. Bibi Konsolata akakunja kitenge cha pili. Alikaa kibarazani akasinzia, akajiona yuko katika ujana wake, anavuka majaruba na kikapu kichwani, tope likiwa vuguvugu katikati ya vidole. Akashtuka, kumbe ni kuku amemkanyaga mguu.

Misufi ya Ifakara ikaanza kupasuka. Basi akachukua simu, akampigia Scolastica.

"Wifi, shikamoo."

"Marahaba, wifi. Unasemaje?"

"Nauliza mti wangu. Umefungua?"

"Umefungua nini? Huku shuka hatujavua!"

"Lakini redio imesema joto. Mkoa wetu wote."

"Redio yako inasema ya bondeni, wifi. Sisi tuko chini ya mlima. Jua likivuka kichwa tu, mlima unalikalia, kivuli kinatushukia mpaka jikoni. Na mawingu ndiyo hayo, yamelala juu ya msitu kama ng'ombe. Mkoa si sahani, kwamba ukimwaga mchuzi unafika kila pembe."

"Na harusi ni wiki ijayo."

"Ndiyo nakuambia."

Kwa desturi, msufi huachwa useme wenyewe. Tunda la kwanza likipasuka juu mtini, ndipo mengine huangushwa. Bibi Konsolata aliwaza siku nzima, akitwanga bila kuangalia kinu. Mwishowe akasema, "Eveline, jitayarishe. Kama joto haliendi Sanje, Sanje itakuja kwenye joto."

Kesho yake walishuka basi Sanje wakati watu wanakunywa chai. Ni kweli, kulikuwa kama nchi nyingine. Mlima wa Udzungwa ulisimama juu ya migomba, mweusi kwa umande, na maporomoko yalisikika yakinong'ona mbali ndani ya msitu. Msufi wa Ritha ulikuwa umekuwa mkubwa, shina lake la kijani-kijivu likiwa na miiba, matawi yake yamenyooka kama mtu anayepima upana wa kitanda. Matunda yalining'inia, kahawia, magumu, kimya.

Eveline aliusogelea mti akatafuta mahali pasipo na miiba, akaweka sikio.

"Unasikia nini?" Bibi akauliza.

"Nasikia kama mtu anapumua usingizini."

"Ni maporomoko hayo," Scolastica akadakia. "Mjukuu wako, wifi, anataka kuolewa au kuwa mganga?"

Waliyaangusha kwa upondo, wakajaza viroba. Njia nzima ya kurudi Eveline alipakata kiroba kimoja mapajani, wala hakukiweka chini hata barabara ilipokuwa mbaya.

Ifakara waliyamwaga juu ya mkeka uani, wakayafunika kwa chandarua, maana sufi ikipasuka pasipo kifuniko hairudi. Pembe za chandarua walizikandamiza kwa matofali ya Alfonsi, jirani yao mfyatua matofali, ambaye naye aliliomba jua kila siku kwa ajili ya kazi yake.

"Mtani wangu," Alfonsi alisema, mikono imejaa tope, "mimi nimeona watu wakiweka chandarua kujikinga na mbu. Kumfunikia tunda asiumwe na malaria, hii ni mara ya kwanza."

"Mpogoro wewe, leta matofali, acha mdomo."

"Naleta. Lakini nikiugua na mimi, naomba nilale hapo hapo katikati."

Siku zikapita. Matunda machache yalipasuka ufa mwembamba, weupe ukachungulia kama jino la mtoto, yakaishia hapo. Baridi ya Sanje ilikuwa bado imo ndani yake. Wageni wa harusi walikuwa wameanza kupiga simu kuuliza njia. Eveline alikuwa akiamka asubuhi, anakwenda kwenye chandarua kabla ya kunawa uso, anachuchumaa, anaangalia, anaondoka bila neno. Hilo ndilo lililomuuma Bibi, kule kuondoka bila neno.

Jumamosi jioni, redio. "…joto kuendelea kuongezeka katika bonde la Kilombero, na kesho jua kali linatarajiwa kuanzia asubuhi…" Kacha! Bibi akazima, akashukuru, akaenda kulala.

Jumapili jua lilitoka limekwisha kuiva. Bibi Konsolata, na gauni lake la kanisani, akaweka mkono juu ya mkeka, chini ya chandarua. Kisha akauweka nje ya chandarua. Nje jua lilikuwa kali zaidi. Akasema moyoni: kumbe hiki chandarua ndicho kinachotuzuilia jua! Tunangoja joto, nalo tumelifungia mlango. Akaondoa matofali, akavuta chandarua, akakikunja. Matunda yakabaki uchi juani. Akachukua rozari, akamwita Eveline, wakaenda misa ya pili.

Kanisani alisinzia. Aliota yuko chini ya maji, na maji hayo hayakuwa na baridi. Samaki weupe wadogo wakapita mbele ya macho yake, wengi, wepesi, wakipanda juu, juu, na kila alipotaka kumshika mmoja, alipenya vidoleni. Mtu akaimba kwa sauti kubwa. Akaamka. Madirisha ya kanisa yalikuwa yanagongagonga, na vitambaa vya altare vimeinuka pembe.

"Upepo," Eveline akanong'ona.

Walipoingia mtaani kwao walisimama. Jamani, Viwanja Sitini ilikuwa nyeupe. Haikuwa nyeupe ya ukungu. Hii ilikuwa inatembea. Sufi ilipita polepole usawa wa macho ya watu, ikageuka, ikapanda juu ya mabati, ikashuka tena kama inatafuta namba ya nyumba. Ilikaa juu ya michongoma. Ilikaa juu ya migongo ya mbuzi. Jogoo alikuwa amevaa ndevu. Watu wametoka nje wamesimama tu, kila mmoja ameinua uso, hata watoto. Joto la miezi yote lilikuwa limefika siku moja, limeyapasua matunda yote pamoja, na upepo ukawa unangoja mlangoni.

Bibi alikimbilia uani. Mkeka ulikuwa na maganda matupu na mbegu nyeusi zinazobingirika.

"Konsolata!" Alfonsi akaita juu ya ua. "Njoo uone! Matofali yangu yameota mvi!" Kisha akauona uso wake, akaacha utani. "Ah. Ilikuwa ile ya bibi harusi?"

"Nilikuwa nataka jua liingie vizuri," Bibi alisema. "Redio ilisema jua."

"Ilisema jua. Halafu ikasema upepo mkali kiasi kuanzia kabla ya adhuhuri. Mimi mwenyewe nilifunika matofali ya chini."

"Ilisema wapi?"

"Mwishoni, mtani wangu. Hapo mwishoni."

Bibi Konsolata akakaa chini juu ya mkeka mtupu, na gauni lake la kanisani, miguu imenyooka mbele. Kila jioni alikuwa amemkata maneno yule kijana wa redio, na kila jioni kijana alikuwa amebakiza neno. Eveline akapiga magoti kando yake. Hakulaumu. Alinyoosha kiganja hewani, na sufi moja ikaja ikakaa. Akafunga vidole.

"Moja hii hapa, Bibi," akasema.

Alfonsi ndiye aliyeona. Alikuwa ameinua macho kuelekea nyumba za upande wa pili. "Angalieni madirisha," akasema.

Mtaani kwao hakuna dirisha lisilo na wavu wa mbu. Upepo ulikuwa umevuma moja kwa moja kwenye nyumba zile, nao wavu ulikuwa umekamata sufi kama nyavu za samaki, dirisha baada ya dirisha, nene, laini, nyeupe. Nyumba nzima zilionekana kama zimefumba macho.

Basi wakachukua mabeseni. Bibi alibisha hodi kila mlango, akaeleza jambo lake, na watu wakapangusa madirisha yao kwa viganja. Wengine waliona haya kutoa kidogo, wakaenda kuchokoa kwenye michongoma. Ile iliyonasa kwenye tope la matofali ilishindikana, Alfonsi akasema ataijengea hivyo hivyo, nyumba yake iwe na busara. Happyness, mama wa mapacha, peke yake ndiye aliyechelewa kufungua mlango.

"Mama, kusema kweli," alisema, "mimi nimekwisha kushonea watoto kimto. Nilidhani Mungu amenitumia."

"Labda amekutumia kweli," Bibi alisema. "Lakini ilikuwa inapita tu kwenda Mlimba."

Happyness akaangalia kile kimto, akamwangalia Eveline, akakata uzi kwa meno. Akatoa nusu, nusu akabaki nayo, na hakuna aliyemwona vibaya.

Waliichambua usiku na mchana, wakatoa majani, manyoya ya kuku, na nyenje mmoja mzima aliyekuwa anaendelea na safari zake. Mto ukashonwa. Ulikuwa mdogo, jamani. Bibi aliushika mikononi, akaona haya. Ulikuwa kama wa mtoto.

"Ni mdogo," akasema.

"Kichwa changu chenyewe kimoja," Eveline akamjibu.

Harusi ilikwenda vizuri, watu walikula, walicheza, jua liliwaka, upepo haukuja bila kualikwa. Siku ya safari, mchana, mizigo ilikuwa imefungwa na Fidelis amekwenda kutafuta bajaji ya kuwapeleka stesheni. Joto lilikuwa limejaa nyumbani mpaka pembe zote. Eveline alikuwa amechoka na shughuli za siku zote zile. Alijinyoosha juu ya mkeka kibarazani, akavuta ule mto, akaweka shavu. "Nafumba macho tu kidogo," akasema.

Akalala.

Bibi Konsolata alikaa kando yake na ungo usiokuwa na kitu, akipunga. Aliangalia kope za mjukuu wake. Zilikuwa zinatikisika, kama maji ambayo chini yake kitu kinapita. Hakutaka kupumua kwa nguvu.

Bajaji ikaja, ikapiga honi. Fidelis akaingia uani. "Shikamoo Bibi. Treni…"

Bibi akaweka kidole mdomoni. "Mwache kwanza."

"Treni haisubiri, Bibi."

"Treni ipi hiyo? Ya kwetu hii? Imeanza lini kuwahi?"

Fidelis akacheka chini kwa chini, akaenda kukaa ndani ya bajaji, akamwambia dereva azime injini. Nyenje wakashika nafasi yake.

Eveline alipofumbua macho hakuinuka. Alibaki ameangalia juu ya paa, shavu lina alama ya mshono wa mto.

"Kitendawili," akasema.

"Tega," Bibi akajibu.

"Nimemwona mtu ambaye sijawahi kumwona. Nikamjua kabla hajageuka."

Bibi Konsolata aliendelea kupunga ungo. Jibu alilijua. Angeweza kulitaja. Akatikisa kichwa.

"Hapo umenishinda, mke mwenzangu. Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Nakupa Mlimba."

Eveline akageuka, akamwangalia. Kisha akakaa, akaukumbatia mto kifuani. "Nimeupokea," akasema taratibu. "Nimekwenda Mlimba, nimepokewa vizuri, nimekaa huko, na kila sikukuu narudi kukusalimia. Jibu ni…" Akainama, akamalizia sikioni mwa bibi yake, na jibu lilikuwa refu kidogo kuliko majibu ya vitendawili, maana ndani yake mlikuwa na uso, na jinsi uso huo ulivyocheka, na mwanya kati ya meno ya mbele.

"Ndiyo," Bibi akasema. "Mwanya ulikuwepo. Sikuwahi kukuambia?"

"Hukuwahi."

Jioni ile kuku waligombea nafasi bandani kama kawaida. Bibi Konsolata alizitoa betri juu ya pipa, zikiwa bado na joto la mchana, akazirudisha redioni. Kitenge kimoja kilimtosha. Kijana wa redio alisema joto la Ifakara, akasema jua, na mkono wa Bibi ukaenda kwenye kitufe kwa mazoea, ukarudi mapajani.

"Endelea, mwanangu," akamwambia. "Sema na upepo wa Mlimba."